Maswali Yenu Kuhusu Miti ya Mlimani Inayolelewa Kuwa Bonsai

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimeandikwa na wasomaji wanaolea misonobari, mireteni na misprusi iliyoota yenyewe milimani, ikapindwa na upepo na kulemewa na theluji kwa miaka mingi kabla ya kuchimbwa na kuwekwa katika masanduku ili siku moja iwe bonsai, yaani miti midogo inayolelewa na kupewa umbo katika vyungu vifupi. Wajapani wana neno lao la kuitaja miti ya namna hii, yamadori, nalo limeenea kwa wakuzaji wa bonsai wa kila nchi. Nimechagua barua tano. Kila moja ina swali lake, lakini nilipozisoma kwa pamoja niliona kwamba karibu zote zinazunguka kitu kimoja kisichoonekana kwa macho, nacho ni bonge la udongo wa mlimani lililobaki chini ya shina pamoja na mizizi iliyomo ndani yake. Kwa hiyo nitakaa hapo zaidi kuliko kwingine.

SWALI: Nilichimba mreteni mwanzoni mwa majira ya kuchipua, nikaupanda katika sanduku la mbao lenye pumisi, yaani punje za mawe mepesi ya volkano. Huu ni mwezi wa tano tangu hapo na majani yake bado ni ya kijani, ingawa sijaona hata ncha moja ikirefuka. Rafiki yangu ananihakikishia kwamba mti umeshika na kwamba sasa ninaweza kupunguza matawi na kuufunga waya ili kuupa umbo. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usiguse tawi lolote kwa sasa. Katika mreteni, rangi ya kijani haithibitishi uhai. Majani yake madogo, yaliyobanana kama magamba ya samaki, yana nta juu yake na hupoteza maji polepole mno, na shina lenyewe lina akiba ya maji. Kwa sababu hiyo mti uliokwisha kupoteza mizizi yake unaweza kukaa miezi kadhaa ukiwa wa kijani, sawa na tawi lililokatwa na kuwekwa ndani ya nyumba. Mkulima anayetazama rangi peke yake huja kupata habari za kifo cha mti wake muda mrefu baada ya kutokea.

Kinachopaswa kutazamwa ni ncha. Mreteni unaokua huwa na ncha za kijani chepesi na chenye kung'aa, zinazotofautiana waziwazi na kijani kilichoiva cha sehemu ya nyuma ya kitawi, kana kwamba kila ncha imechovywa katika rangi nyingine. Mreteni uliosimama hauna tofauti hiyo. Kitawi chote kina rangi moja. Ule unaokufa hupoteza mng'ao, huelekea ukijivu, na ukikishika kitawi chake asubuhi na mapema, wakati ambapo kitawi chenye afya huwa laini na cha baridi vidoleni, chenyewe hukwaruza na vipande vyake hukatika. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani mti wako uko katika hali ya pili, na hiyo si hali ya kukatisha tamaa. Mti uliochimbwa hutengeneza mizizi kwanza, na msimu mzima unaweza kupita kabla ya kuonyesha chochote juu.

Wapo wanaoshauri kwamba matawi yapunguzwe siku ya kuchimba ili yalingane na mizizi iliyopotea. Mimi sikubaliani nao. Sukari inayojenga mizizi mipya hutengenezwa na majani hayohayo, na homoni inayoiamuru mizizi kuota hutoka katika ncha za matawi na kushuka chini kupitia gome. Ukikata ncha, umeondoa chakula na amri kwa pamoja. Njia ya kupunguza mzigo wa mti ni kuupunguzia kiu: uwekee kivuli cha jua la mchana lakini uuachie la asubuhi, uukinge na upepo, na uyanyunyizie majani maji ya ukungu asubuhi na jioni. Hakikisha pia kwamba shina limefungwa imara kwenye sanduku kwa waya, kwa sababu mti unaotikisika hukata vimizizi vyake vipya kila siku bila wewe kujua. Usiliyumbishe shina ili kupima kama mti umeshika.

Subiri hadi mti umalize msimu mzima wa kukua kwa nguvu, yaani ncha zinazorefuka pande zote na si tawi moja tu. Kwa kawaida hilo huchukua miaka 2, na kwa mti mzee zaidi ya hapo. Kumbuka kwamba tawi la mreteni likikosa kijani chote halichipui tena, hivyo kila unachokata leo kwa pupa kimeondoka moja kwa moja.

SWALI: Msonobari wangu ni wa mwaka wa pili tangu uchimbwe. Nimeupanda katika pumisi tupu kwa sababu niliambiwa kwamba pumisi haituamishi maji, nami ninaumwagilia kila siku bila kukosa. Sasa sindano zimeanza kuwa za njano. Je, maji yamezidi au yamepungua?

JIBU: Swali lako haliwezi kujibiwa kwa kutazama sanduku kutoka juu, na hapo ndipo miti mingi ya mlimani inapopotelea. Katika sanduku lako mna udongo wa aina mbili, wala si mmoja. Pembeni kuna pumisi uliyoiweka wewe, yenye punje kubwa na hewa nyingi. Katikati, chini kabisa ya shina, kuna bonge la udongo wa mlimani, wenye chembe laini, mboji iliyooza na vipande vya gome, ukiwa umeshikamanishwa na mizizi ya zamani. Udongo wa chembe laini huyashika maji kwa nguvu kuliko punje kubwa, hivyo maji yaliyoingia katika bonge hayatoki kwa urahisi kwenda katika pumisi, hata kama pumisi imekauka. Unapoona punje za juu zimekauka na kumwagilia tena, unaongeza maji mahali ambapo ya jana bado yamo. Mizizi inahitaji oksijeni kama majani yanavyohitaji mwanga. Ikizamishwa kwa siku nyingi hukosa pumzi, kisha viini vya kuoza huingia.

Lakini kuna hali iliyo kinyume kabisa, nayo inafanana na hiyo ya kwanza kwa mtu anayetazama kwa nje. Bonge la mboji likishakauka kabisa huyakataa maji. Ukimwagilia, maji huliambaa pembeni, hupita katika pumisi na kutoka chini ya sanduku kwa wingi, nawe unaridhika kwamba mti umekunywa. Nilipoteza msonobari kwa njia hiyo. Niliumwagilia kila asubuhi wakati wa joto, maji yakitiririka vizuri chini, na sindano zikazidi kufifia hadi zikawa za rangi ya majani makavu. Nilipoutoa katika sanduku na kulivunja bonge kwa mikono, pumisi ya pembeni ilikuwa na unyevu, tena ikiwa na vimizizi vichache vyeupe vilivyokuwa vimeanza kutoka. Lakini nilipofika chini ya shina, udongo ulitimka vumbi. Mizizi minene ya humo ilikuwa imesinyaa, na gome lake lilichomoka kama ala inavyochomoka kwenye kisu. Mti ule ulikufa kwa kiu huku sakafu iliyokuwa chini yake imelowa.

Tangu siku hiyo sijamwagilia mti wa mlimani bila kijiti. Chukua vijiti viwili vyembamba vya mbao isiyopakwa rangi, kimoja ukichomeke katika bonge karibu na shina na kingine katika pumisi pembeni, na uviache humo. Kila siku kabla ya kumwagilia vichomoe, uvitazame na kuvigusisha shavuni. Kijiti cha katikati ndicho cha kufuatwa. Kikitoka cheusi na chenye ubaridi siku baada ya siku, acha kumwagilia mpaka kikaribie kukauka. Nyanyua pia upande mmoja wa sanduku kwa kipande cha mbao cha sentimita 5 hadi 10, kwani maji yanayokaa chini ya sanduku huhamia kona ya chini na kutoka. Kikitoka kikavu kabisa wakati cha pembeni kina unyevu, toboa bonge polepole kwa uzi mgumu wa chuma katika sehemu kadhaa, ukiacha kutoboa kila unapokutana na mzizi, kisha mwagilia kidogokidogo mara tatu, ukipumzika dakika kama kumi kila mara. Bonge lililokataa maji huanza kuyapokea likishalowa kidogo.

Kuhusu rangi ya njano, tafadhali angalia ni sindano zipi. Zikiwa ni za ndani, zilizo karibu na shina, na ni majira ya kupukutika kwa majani, huenda hakuna ugonjwa wowote, kwa maana msonobari huangusha sindano zake kongwe kila mwaka. Zikiwa mpya, za ncha, zilizofifia zote huku za mwaka jana zikiwa za kijani, pima maji yako: maji yenye chokaa nyingi huuzuia mti kuchukua chuma kilichomo katika udongo, na maji ya mvua ni dawa yake ya kwanza. Zikigeuka njano pande zote kwa pamoja, za zamani na mpya, basi rudi kwenye vijiti.

Nakusihi jambo moja zaidi: usiutoe mti katika sanduku ili kutazama. Mti dhaifu unaotolewa hupoteza hata vimizizi vichache ulivyokuwa umevipata. Na usiupe mbolea ukidhani una njaa. Mbolea hupewa mti unaokua.

SWALI: Nilipochimbua kidogo pembeni mwa sanduku la msprusi wangu niliona nyuzi nyeupe zilizotanda kwenye punje za udongo. Je, ninunue dawa ya kuua kuvu?

JIBU: Hapana. Nyuzi hizo, zikiwa nyeupe, kavu na zenye harufu ya uyoga, kwa kawaida ni kuvu wanaoishi kwa ushirika na mizizi ya misonobari na misprusi: mti huwapa sukari, nao huuletea maji na madini kutoka mahali ambapo mizizi haifiki. Ukiwaona wameenea, mizizi inafanya kazi. Kinachotisha ni mizizi iliyo laini, myeusi, yenye harufu ya uozo. Siku utakapobadilisha udongo, rudisha kiganja kimoja cha udongo wenye nyuzi hizo katika sanduku jipya.

SWALI: Nimeuona msonobari mfupi wenye shina nene juu ya mwamba na ninataka kuuchimba. Nianze vipi?

JIBU: Anza na mwenye ardhi. Katika hifadhi za taifa kuchimba mmea kwa kawaida ni kosa, na mahali pengine ruhusa hutolewa kwa maandishi na kwa masharti. Marekani, kwa mfano, idara ya misitu ya serikali hutoa vibali vya kuchimba miti hai katika baadhi ya misitu yake. Ukitaka kuuvusha mti mpaka wa nchi, utahitaji cheti cha afya ya mimea. Ninalisisitiza hili kwa sababu historia inatuonya. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji wa Japani waliteremka kwa kamba kwenye majabali ya mlima Ishizuchi katika kisiwa cha Shikoku, na baadaye katika milima ya Itoigawa, wakiitafuta mireteni ya shimpaku, aina ya mreteni wa Japani; ilichukuliwa kwa kiasi ambacho leo karibu yote inayouzwa kwa majina hayo imetokana na vipandikizi.

Ukishapata ruhusa, shika shina kwa mikono miwili na ulisukume kwa upole huku ukitazama ardhi inayolizunguka. Ardhi ikiinuka na kushuka pamoja na shina, kama zulia linaloinuliwa kutoka chini, mizizi imejikusanya katika tabaka jembamba la udongo juu ya mwamba, na mti huo unaweza kutoka ukiwa na mizizi yake mingi. Shina likigoma kabisa, mzizi mkuu umezama katika ufa wa mwamba, na vimizizi vinavyounywesha mti viko mbali ambako jembe halifiki. Mti wa namna hiyo uache ulipo, hata ukiwa mzuri namna gani, kwa kuwa utakachobeba kwenda nacho nyumbani ni kuni.

Wakati unaofaa kwa msonobari ni mwisho wa majira ya baridi, kabla vichipukizi havijaanza kufunguka. Lifunge bonge lote kwa gunia lenye unyevu na lisivunjike njiani, kisha lipande katika sanduku linalolizidi kidogo tu, kwani sanduku kubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Shimo ulilolichimba lifukie.

SWALI: Msprusi wangu umekua vizuri kwa miaka mitatu na ninataka kuuhamishia katika chungu cha bonsai. Je, niuoshe mizizi yote ili niondoe udongo wa mlimani kwa mara moja?

JIBU: Miti mingi inayopukutisha majani huvumilia kuoshwa mizizi yote. Misprusi na misonobari haivumilii, na iliyotoka mlimani haivumilii hata kidogo. Lakini umefanya vyema kuufikiria udongo huo, kwa sababu kama nilivyomweleza msomaji wa barua ya pili, bonge la chini ya shina halitajirekebisha lenyewe. Likiingia katika chungu kifupi cha bonsai litakusumbua kila siku ya maisha ya mti. Lazima liondoke, ila liondoke kwa zamu.

Hakikisha kwanza kwamba mti una nguvu: vichipukizi vinene, ukuaji wa pande zote, na mizizi iliyofika kwenye kuta za sanduku. Kisha, vichipukizi vinapoanza kuvimba mwishoni mwa baridi, utoe mti na uligawe bonge kwa macho katika nusu mbili, ukipitisha mstari katikati ya shina. Nusu moja usiiguse kabisa. Katika nusu nyingine, ondoa udongo kwa kijiti au ndoano ndogo, ukianzia nje kuelekea ndani na ukiufuata kila mzizi kwa mwelekeo wake, hadi ufike chini ya shina. Kazi hii haina haraka. Mimi hutumia saa tatu kwa mti wa kimo cha goti, na karibu mbili kati ya hizo huishia kwenye ule udongo mgumu wa sentimita chache za mwisho, ambao hulainishwa kwa maji kidogo na kukwanguliwa chembe kwa chembe. Lowesha mizizi iliyo wazi wakati wote. Upepo wa dakika chache unatosha kuikausha. Mizizi minene isiyo na vimizizi ikate, lakini mwembamba wowote wenye ncha hai ubakize, hata kama umekaa vibaya.

Kwa udongo mpya, wengi huchanganya akadama (punje za udongo wa mfinyanzi kutoka Japani), pumisi na mawe ya lava kwa vipimo sawa. Muhimu zaidi ni kuchekecha na kutupa vumbi lote, pamoja na punje zilizo chini ya milimita 2 hivi, kwani hizo ndizo zinazoziba njia za hewa. Funga mti kwenye chungu kwa waya hadi ukiusukuma chungu chote kisogee nao, halafu ingiza udongo katikati ya mizizi kwa kijiti bila kuushindilia. Iwapo chungu ulichokipenda hakilipokei bonge bila kukata nusu ambayo hukupaswa kuigusa, basi wakati wa chungu hicho haujafika. Tumia sanduku dogo zaidi kwa zamu hii. Najua inavyouma, maana umeshaupigia picha mti huo katika chungu hicho mara nyingi akilini.

Mwaka huo usikate wala usipinde matawi. Uweke mti mahali penye jua la asubuhi na pasipo upepo kwa wiki kadhaa, na uchomeke vijiti vyako viwili tena, kimoja kila nusu, kwa kuwa sasa nusu iliyosafishwa itakauka mapema kuliko ile ya zamani nawe utapaswa kumwagilia kwa kuzifikiria zote mbili. Nusu ya pili itashughulikiwa baada ya miaka 2 au 3, mti ukiwa umerudia nguvu zake. Kwa vile wakati huo hutakumbuka tena ni upande upi ulioanza nao, kunja kipande cha waya wa shaba, ukichomeke pembezoni mwa chungu kwenye upande uliosafishwa, na uandike mwaka chini ya chungu kwa kalamu isiyofutika.